Mita 60 Zinaanzia Wapi?

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wetu, mtumishi wa serikali, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani. Yamechapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, waalimu wetu, wazee wetu, ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana mlioketi nyuma huko mkingoja mkutano uishe mwende mkale:

Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema machache siku ya leo. Mwenyekiti aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya sheria mpya za nchi na maisha ya wananchi wa milima yetu. Nadhani alinichagua mimi kwa sababu nimefanya kazi ya serikali kwa miaka ipatayo 20, na kazi yangu kwa sehemu kubwa imekuwa kuzipeleka sheria hizo vijijini. Mimi si mwanasheria. Mimi ni yule mtu anayekuja na barua. Basi nitasema kama mchukuzi wa barua, nanyi mtanivumilia.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba sheria haikai Dodoma. Hutungwa Dodoma, lakini hukaa nyumbani kwa mtu. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, sheria ile iliingia katika kila kikapu sokoni Lushoto, na mama aliyekuwa akiuza peasi na pichesi kandokando ya barabara ya Soni ilimbidi afikiri upya atamfungia mteja kwa kitu gani. Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayempa mimba mwanafunzi, iliingia katika mazungumzo ya posa na ya mahari huku kwetu, tena kwa kishindo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, iliingia kwenye matanga, pale ndugu wa marehemu wanapoketi kugawana shamba. Kwa maana sheria hiyo inasema kuwa mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili kwa kiasi hicho. Wajomba na baba wadogo wengi wa Usambara bado hawajapata habari hiyo, au wameipata wakainyamazia.

Basi swali langu leo si kama sheria hizi ni nzuri au mbaya. Nyingi zina nia njema. Swali langu ni hili: sheria inapofika mlangoni kwa mtu, nani anamsomea? Na anayemsomea, je, mwenyewe ameisoma?

Ndugu zangu, wazee wetu wa Kishambaa walikuwa na maneno mawili ambayo vijana wa leo huenda hawayasikii sana. Walisema kuna kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, mvua inyeshe, chakula kipatikane, watu wapatane. Na kuna kubana shi, kuiharibu nchi, njaa iingie na fitina itawale. Mtawala wa Vugha alipimwa kwa maneno hayo mawili. Hakuulizwa ametoa amri ngapi. Aliulizwa kama nchi imepona. Mimi naona kipimo hicho kingali kinafaa.

Tutazame mfano mmoja wa zamani. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha ikautandaza mpango huo sehemu nyingine za Usambara. Kila mkulima alitakiwa kulima kwa matuta yaliyokingama mteremko. Miteremko mikali ilikatazwa kulimwa. Asiyefanya alipelekwa barazani na kutozwa faini. Sasa, mabwana shamba wale hawakuwa wakisema uongo. Udongo ulikuwa unakwenda na maji kweli, na hata leo unakwenda. Ukisimama Mombo wakati wa masika utauona mlima wetu ukipita mtoni, mwekundu.

Lakini tazameni jinsi jambo lenyewe lilivyoletwa. Kazi ya matuta ilikuwa nzito, na aghalabu iliwaangukia wanawake, ambao tayari walikuwa na kuni, maji na watoto. Mashamba yalikuwa madogo, na mteremko uliokatazwa huenda ndio uliokuwa shamba lote la mtu. Mavuno hayakuongezeka mara moja ili mtu aone faida ya jasho lake. Tena wananchi walikuwa wameshaona ardhi nzuri ikichukuliwa na walowezi, hivyo wengi walihofu kwamba wanatengeneza mashamba ili wapokonywe. Hakuna aliyewauliza. Babu yangu alikuwa akituhadithia kwamba watu walilima matuta mchana na kuyalaani usiku. Upinzani ukakua, TANU ilipozaliwa mwaka 1954 ikaukuta unangoja, na mwishoni mwa miaka ile ya 1950 mpango ukaachwa. Matuta yakabomolewa kwa furaha. Udongo ukaendelea kwenda.

Haya ni mambo ya kusikitisha, kwa sababu jambo lenye haja ya kweli liligeuka kuwa uadui. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ilichukua zaidi ya miaka 20 mpaka mtu aweze tena kulitaja neno matuta mbele ya mzee wa Mlalo bila kutazamwa vibaya. Mwaka 1981 ulipoanza Lushoto mradi wa kuzuia mmomonyoko ambao sisi tuliokua miaka ile tuliujua kwa jina la SECAP, ulikuja na majani ya gwatemala ya kulisha ng'ombe, ukaja na miche ya miti. Nyumbani kwetu ng'ombe walifungwa zizini, nami nilikata majani yale kabla ya kwenda shule mpaka viganja vikawa kama msasa. Sikupenda. Lakini mama alipata maziwa na samadi, na kingo za shamba zikashika. Kwa hiyo tuseme kwamba mtu hakatai kuhifadhi udongo wake. Anakataa kuhifadhishwa kwa nguvu bila kuona faida wala kuulizwa.

Sasa nitaacha ya kale, niseme langu mwenyewe. Sijapata kulisema mbele za watu.

Nilikuwa kijana, nina miaka michache tu kazini. Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kifungu chake cha 57 kinagusa shughuli za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa na bahari. Kule kwenye nchi tambarare mita 60 si kitu kikubwa. Lakini ninyi mnaijua milima yetu. Mabonde yetu ni membamba kama mkunjo wa kiganja. Ukipima mita 60 upande huu na mita 60 upande ule, umemaliza bonde lote. Na bondeni ndiko kwenye kabichi, karoti, nyanya na pilipili hoho. Ndiko kwenye shilingi. Juu mteremkoni mtu anapata mahindi na maharage ya kula. Ada ya shule, daftari na dawa hutoka bondeni.

Ofisi yetu ilipokea barua. Tukaambiwa twende tukapime, tuweke mambo, na mazao yaliyo ndani ya mambo yaondolewe. Tukaenda wanne, na futi kamba na rangi nyekundu. Katika bonde moja tulimkuta bibi mmoja akimwagilia kabichi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani, nikamwambia, akasema anamfahamu shangazi yangu. Kisha nikamweleza kilichotuleta.

Hakupiga kelele. Alituacha tupime. Futi ilipita kwenye kabichi, ikapita kwenye migomba, ikafika kwenye zizi la ng'ombe wake, lile zizi ambalo serikali hiyo hiyo ilikuwa imemhimiza alijenge ili ng'ombe wasizurure. Kigingi kikakita nyuma ya zizi. Ndipo akaniuliza, "Mwanangu, hizo mita 60 zinaanzia wapi? Kwenye maji ya masika au maji ya kiangazi? Maana masika mto unafika pale kwenye mgomba, na kiangazi naruka bila kulowa."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia ndivyo tulivyoelekezwa.

Akaniuliza tena, "Na sheria yenyewe umeisoma?"

Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Ndugu zangu, nilisema uongo. Nilikuwa nimesoma barua. Sheria sikuwa nimeishika mkononi hata siku moja. Mimi niliyesoma hapa, nikafaulu, nikaenda Chuo Kikuu kwa kodi ya watu kama yule bibi, nilisimama shambani mwake nikamdanganya kwa sauti ya serikali.

Siku ya tatu kabichi zilifyekwa. Zilikuwa zimebakiza kama wiki tatu kukomaa. Alikuwa na mjukuu kidato cha pili katika shule moja ya huku milimani, akimlipia ada kwa mboga zile. Muhula uliofuata kijana yule hakurudi shule.

Habari za kijana huyo nilizipata baadaye, kwa shangazi. Usiku ule nikaitafuta sheria, nikaisoma kifungu kwa kifungu, kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake hakikuwapo mezani kwangu. Nikakuta kifungu kinakataza shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu mazingira ya mahali hapo. Nikakuta pia kwamba Waziri amepewa uwezo wa kuweka miongozo ya shughuli zinazoweza kufanywa katika eneo hilo. Yaani sheria yenyewe ilikuwa na mlango. Ilitaka mtu afikiri: je, kabichi la miezi mitatu ni shughuli ya kudumu? Je, kulima ukingoni na kupulizia dawa juu ya maji kunaharibu? Naam, kunaharibu, na hilo siwezi kulitetea. Je, migomba na majani ya ng'ombe yanaharibu? Hapo pana maneno ya kuzungumza. Lakini barua ilikuwa imekwisha kufikiri kwa niaba yetu, nasi tulikuwa tumefurahi kupunguziwa kazi hiyo.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba sheria ile ni mbaya. Maji ya milima hii hayaishii kwetu. Ndiyo yanayonywesha mashamba ya mpunga kule Mombo. Mto Umba unashuka kutoka kwetu ukapita hata upande wa Kenya kabla ya kufika baharini. Mto Zigi wa Usambara Mashariki ndio unaojaza bwawa la Mabayani, wanakonywa watu wa Tanga. Mtu wa huku juu akiyachafua maji, mtu wa kule chini anaugua na hajui amkamate nani. Lazima pawepo mkono wa kuwalinda wale walio chini, na mkono huo ni sheria. Ninachosema ni kwamba mkono huo usiwe kipofu.

Nilirudi kule bondeni. Nilimwomba bibi yule radhi, mbele ya mtendaji wa kijiji. Alinisikiliza, kisha akasema, "Sasa umeisoma?" Nikasema nimeisoma. Akasema, "Basi kawasomee na wengine." Hakusema zaidi.

Ukaitishwa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Nikasoma kifungu kile kwa Kiswahili changu cha kubahatisha, na mzee mmoja akakirudia kwa Kishambaa. Mjadala ulianza asubuhi ukaisha jua linazama. Wapo walionitukana, na walikuwa na haki. Lakini mwishowe watu wenyewe walikubaliana kwamba jembe lisiingie ukingoni, kwamba paoteshwe miti isiyokausha maji pamoja na majani ya mifugo, na kwamba bomba la dawa lisioshwe mtoni. Waliopoteza bustani walitafutiwa na Halmashauri ya Kijiji vipande vya ardhi ya kijiji sehemu ya juu, kwa idhini ya Mkutano Mkuu, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji inavyotaka, na mfereji ukachimbwa kwa msaragambo. Makubaliano yakaandikwa kuwa sheria ndogo ya kijiji na kupelekwa Halmashauri ya Wilaya, kwa utaratibu uliowekwa na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982. Hatukuifuta sheria ya Bunge. Uwezo huo hatuna. Tuliitafutia miguu ya kutembelea.

Ukanda ule wa miti na majani upo hadi leo. Hakuna askari anayeulinda. Mfereji nao una ugomvi wake kila kiangazi, kama mifereji yote. Bibi yule amekwisha kufariki. Mjukuu wake ni mtu mzima sasa, anaendesha bodaboda. Tukikutana ananisalimu vizuri, na hilo huniuma kuliko angenitukana.

Sasa kabla sijamaliza, nitaje upande wa pili wa jambo hili, kwa maana sheria haiji kukataza tu. Zipo sheria zinazomtetea mkulima, naye hazijui. Nendeni gulio la Lukozi mkatazame viazi na karoti zinavyofungwa. Sheria ya vipimo haitaki gunia lizidi kilo 100, na inataka mazao yauzwe kwa mizani. Lakini mnunuzi anakuja na gunia lake, linajazwa, kisha linashonewa kilemba juu mpaka linakuwa kama bwana arusi. Hiyo ndiyo lumbesa. Tuseme gunia lile lina kilo 130. Mkulima analipwa la 100. Katika magunia 10 ametoa kilo 300 bure, sawa na magunia matatu kamili, tena amelilipia kuli apandishe! Sheria ipo, na Wakala wa Vipimo upo. Lakini mkulima mmoja akidai mizani, mnunuzi anahamia kwa jirani. Wangedai wote siku moja, mizani ingekuja. Hapo pia kinachokosekana ni mtu wa kuwasomea na kuwaweka pamoja.

Mahakamani tunaambiwa kwamba kutojua sheria si utetezi. Ni neno la haki, kwani kila mtu angesema hakujua, nchi isingetawalika. Lakini neno hilo linamdai pia anayetunga na anayetekeleza. Kwa miaka mingi tulimwambia mwananchi asiyejua Kiingereza kwamba kutojua si utetezi, na sheria yenyewe tukaiandika kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge liliporekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Hiyo ni hatua kubwa, nami naipongeza. Lakini karatasi ya Kiswahili iliyofungiwa kabatini haina tofauti na ya Kiingereza. Hapa mjini Lushoto tunacho Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, wanakosoma mahakimu wa nchi nzima. Ukitoka hapo ukapanda mlima kwa miguu saa mbili tu, utakuta kijiji ambacho hakuna mtu aliyepata kuishika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ingawa kila mmoja pale analala juu ya ardhi inayotawaliwa nayo.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nina maombi matatu, kisha nitakaa.

Ombi la kwanza ni kwenu wenzangu tuliosoma zamani. Wengi wetu hurudi nyumbani wakati wa Krismasi na wa Idi. Tunakula, tunaulizia afya za wazee, tunatoa fedha kidogo, tunaondoka. Naomba kila mmoja akirudi apeleke sheria moja. Moja tu. Aketi na watu wa kwao saa moja, awasomee kifungu kinachogusa shamba lao, ndoa yao au gunia lao. Fedha tunayotoa huisha kabla gari halijafika Mombo. Kifungu hakiishi.

Ombi la pili ni kwa chama chetu. Tunachanga kila mwaka kwa ajili ya shule. Safari hii tununue pia Katiba, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sheria ya Mazingira na sheria za serikali za mitaa, kwa Kiswahili kila inapopatikana, ziwekwe katika maktaba ya shule, na mwananchi yeyote wa jirani aruhusiwe kuja kuzisoma siku za Jumamosi. Mimi naanza na mchango wangu leo hii.

Ombi la tatu ni kwenu vijana. Baadhi yenu mtakuwa maafisa. Mtapewa barua, futi kamba na rangi nyekundu. Siku hiyo, kabla hujakita kigingi katika shamba la mtu, jiulize mita zako zinaanzia wapi, na uwe umeisoma sheria kwa macho yako mwenyewe. Na wale ambao hamtakuwa maafisa, mkabaki kulima bondeni, afisa akija mwamkieni kwa heshima, mpeni kiti, kisha mwulizeni alivyoniuliza yule bibi. Ikiwa ameisoma, mtakuwa mmepata mwalimu. Ikiwa hajaisoma, mtakuwa mmemsaidia.

Sasa vijana mnaweza kwenda kula.